Kifungo cha Kushoto

Muuzaji alihangaika na kifungo cha bangili mpaka jasho likamtoka, na hapo ndipo fundi cherehani alipoitambua.

Alikuwa anapita tu kwenye maonyesho ya biashara, akitafuta zipu za jumla. Babu yake, mfua fedha, alitumia mkono wa kushoto, na kila alichokitengeneza kilifungwa kinyume na vya wenzake. Bangili kama hii alifua moja tu, ya mama yake fundi. Na kaka wa fundi aliapa kwamba mama alizikwa nayo mkononi.

"Hii umeitoa wapi?" aliuliza.

"Kwa mtoto wa marehemu mwenyewe," muuzaji akajibu. "Kanipa na picha ya mama yake kaivaa. Ila umechelewa, dada, imeshanunuliwa."

Mnunuzi, mama mmoja mtu mzima, alikuwa ameweka mkono juu ya meza. "Mwanangu, hebu tusaidie. Huyu atanivunja mkono kabla sijapendeza!"

Watu wakacheka. Fundi alitaka kusema bangili ni ya mama yake. Vidole vyake vikatangulia. Vilizungusha kipini kushoto, kama vilivyozoea kila asubuhi mwaka ule mama alipopooza. Kifungo kikalia, tik.

"Loo! Utadhani umezaliwa nayo!"

Fundi aliendelea kuushikilia mkono wa yule mama. Mkono ule ulikuwa na joto.

"Haya, mwanangu," yule mama akasema, safari hii taratibu. "Sasa niachie."