Imeshuka

Msumari ulimchoma Chande mguuni, uchafu ukaingia kwenye damu, na sasa yuko chumba cha mahututi, hajitambui. Mama yake, Bi Sikujua, amekaa nje ya mlango na kandambili ya mwanawe mkononi, ile ile iliyotobolewa na msumari.

Nesi akatoka. "Mama, majibu ya damu haya hapa. Imeshuka."

Kandambili ikamdondoka. "Imeshuka? Jirani yangu damu ilishuka hivyo hivyo, tukazika!"

"Siyo damu, mama. Asidi. Mwili ukizidiwa, asidi inapanda kwenye damu. Jana ilikuwa juu mno, hata daktari aliogopa. Leo imeshuka. Ikishuka hivi, wengi wanaamka."

"Wengi. Na wengine?"

Nesi akaikunja karatasi ya majibu. "Kesho tunapima tena."

"Sasa si ungeanza na hiyo asidi, we mtoto! Ungeniua mimi kwanza."

Nesi akacheka kidogo, akarudi ndani. Bi Sikujua akaiokota kandambili, akaifuta vumbi kwa kanga, akaiweka pembeni ya mlango, upande wa vidole ukitazama nje, tayari kwa Chande kutoka.