Sari ya Kijani ya Stesheni

"Rangi gani tena?" mfumaji aliuliza. Mara tatu alikuwa ametia rangi nyuzi zake, na mara tatu Mridula alikuwa amezikataa.

"Kijani cha kasuku. Na pindo jekundu lililoiva, kama pilipili kavu."

"Dada yangu, hiyo ni ya maharusi wa zamani. Nani ataivaa leo?"

"Mama. Anatimiza miaka sabini."

Picha ya sari ile ya zamani ya mama haikuwapo. Mridula alikuwa na kumbukumbu tu, ya siku moja alipokuwa na miaka mitano. Baba yake alikuwa amekwenda harusini kwa binamu yake, safari ya siku tatu. Mama yake, Kaushalya, ambaye siku zote alivaa sari za pamba zilizochujuka, asubuhi hiyo alifungua sanduku akaivaa ile ya kijani, ya hariri. Wakaenda stesheni ya Itarsi kutazama treni.

Mama akamnunulia jalebi, vile vitamu vya kukaangwa vilivyolowa shira. Mridula alipozimaliza, akamnunulia tena, mama huyo huyo aliyekuwa mgumu hata wa kipande cha sukari guru. Akamsuka nywele upya pale pale kwenye benchi, polepole. Watu walikuwa wengi. Kwa kuogopa kupotea, Mridula alichukua ncha ya sari akaifunga kwenye mkanda wa gauni lake, fundo juu ya fundo, kisha akalala mapajani mwa mama, hariri ikimteleza shavuni. Alipoamka jua lilikuwa limeshuka. Mama alikuwa akifuta macho. Moshi wa injini, alisema. Wakarudi nyumbani kwa miguu.

Katika utoto wake wote hakuwa na siku aliyoipenda kama hiyo. Aliisimulia kwa kila mgeni aliyefika kwake Bhopal, hata mumewe, Girish, akawa anamtania: "Usisahau jalebi za mara ya pili!" Walimu wenzake waliisikia wakalengwa na machozi. Mama tu ndiye ambaye hakuwahi kuisimulia. Na sari yenyewe, alisema, ililiwa na panya.

Siku ya sherehe sebule ilijaa. Mridula akamvuta mama yake chumbani, akafungua kasha.

Kaushalya aliitazama sari. Hakuigusa.

"Umeitoa wapi?"

"Nimeifumisha! Miezi saba, Mama. Ni yenyewe au si yenyewe?"

"Ni yenyewe." Akageukia mlango. "Twende, wageni hawajapewa chai."

"Girish anawapa. Simama nikuvalishe. Halafu leo utawasimulia wewe, mimi wamenichoka."

"Niwasimulie nini?"

"Siku yetu ya stesheni! Mama, jamani! Ndiyo siku pekee uliyonitoa matembezi, mimi na wewe tu. Ukavaa ukapendeza. Mimi nikiwaza mapenzi ya mama, naiwaza siku ile."

Kaushalya akaketi kitandani. Akaigusa ile hariri kwa ncha ya kidole, kama mtu anayejaribu pasi kama imepata moto. Huko sebuleni wageni walikuwa wameanza kupiga makofi wakimwita.

"Mridula," akasema, "siku ile nilikata tiketi moja. Yangu, si yako."