Kifungo cha Punda Mabaka

Alikuwepo Fisi aliyewafanya punda watumwa wa kubeba chumvi yake. Punda Mabaka akawaongoza kukataa. Fisi akamfungia katika pango lenye baridi, akawaambia punda wengine, "Bebeni, la sivyo namuua."

Wakabeba.

Nguchiro, mlinzi wa pango, alimhurumia mfungwa akamtandikia majani makavu.

"Wenzangu je?" Mabaka aliuliza, akikohoa.

"Wanabeba, kaka, ili uishi."

"Waambie waache."

"Fisi atakuua."

"Kwa kikohozi hiki, ameshaniua."

Alfajiri alikufa, Nguchiro akimpangusa uso. Fisi akaiburuta maiti mbele ya punda ili awatishe.

"Kiongozi wenu huyu hapa. Nani mwingine anataka uhuru?"

Punda mmoja akatua gunia lake. Wote wakatua.

"Tulikuwa tunambebea yeye," alisema, na punda wote wakamsogelea Fisi.