Siku Diwani Aliposhiba

Kwa mapishi, Saumu hakuwa na mpinzani kata nzima, lakini mumewe hakuwahi kushiba tangu avishwe bangili ya uongozi. Kila diwani huapa kwa kitabu cha dini yake, kisha huvishwa bangili hiyo: njaa ya mwenye njaa kuliko wote katani huingia tumboni mwake, na haitoki mpaka huyo mtu ale.

Ndivyo Diwani Shekue alivyojenga maghala mawili na jiko la shule. Kila mlo alilamba vidole, akasema, "Kitamu, Mama Zubeda, lakini kuna mtu hajala." Saumu hakununa. Alifunika sahani kwa kawa, wakaenda kumtafuta, na kila mara walimpata.

Wiki hii njaa ilimkaba kuliko zote. Walipiga hodi nyumba kwa nyumba, na kote wakajibiwa, "Tumeshakula." Nani atamwambia mgeni, tena kiongozi, kwamba moto haujawashwa?

Ijumaa mchana, kwenye tonge la tatu, diwani alishika tumbo akacheka kama mtoto. "Alhamdulillahi! Nimeshiba!"

Saumu alipiga kigelegele hadi majirani wakatoka. Kisha akamgeukia mumewe.

"Baba Zubeda, nani kampa chakula, na sisi hatujampata?"

Kabla hajajibu, kipaza sauti cha msikiti kilitangaza msiba: Bi Mwanamvua, nyumba ya mwisho njia ya kisimani.

Jana tu aliwapokea kwa tabasamu mlangoni. "Nimeshakula, wanangu. Mungu awabariki."

Diwani alisukuma sahani. Tumbo lake lilikuwa bado limejaa.