Kichwa cha Bedrich

Kwa miaka mitatu Jolana alilala na kichwa cha mumewe chini ya mto, na hakuwahi kukiona hata mara moja.

Kilikuwa kwenye karatasi. Ndio mchezo wa kundi lao la wachora ndoto, walioucheza Praha, wakaucheza Paris, na hata Marseille, walikokuwa wakisubiri vibali vya kwenda Amerika huku vita vikiwapumulia kisogoni. Mmoja anachora kichwa, anakunja karatasi kukificha, anaacha mistari miwili tu ya shingo. Wa pili anachora kiwiliwili, naye anakunja. Wa mwisho anaweka miguu. Kuchungulia marufuku. Karatasi inakunjuliwa mchezo ukiisha, na hapo ndipo mnapoliona dubwana mliloliumba: kichwa cha mwavuli, kifua cha tundu la kuku, miguu ya askofu.

Kibali kilitoka kimoja, cha Jolana. Siku ya safari, gatini, polisi wakipekua mpaka soli za viatu, Bedrich alimtia mkononi karatasi iliyokunjwa.

"Kichwa tayari," alisema huku akicheka, askari wakisikia. "Zamu yako. Na usichungulie, mwizi wangu."

Mwizi, kwa sababu hakuna aliyemshinda Jolana kwa kuchungulia. Kundi lilishamfukuza mara nne kwa kosa hilo, kwa kikao na kura, na mara nne likamrudisha, maana ndiye peke yake aliyejua kupika.

Lakini mara hii alijiapiza kutochungulia. Siku ya pili baharini alichora kiwiliwili, akakunja. Miguu akamwachia Bedrich, aje aimalizie mwenyewe. Aliamini kwamba maadamu mchezo haujaisha, mchezaji hawezi kufa. Msimcheke. Vitani watu wazima wameamini makubwa kuliko hayo.

Barua alizopeleka Marseille zilirudi zote: mwenye jina hili amehama. Kutoka kwa Bedrich hakikuja hata kipande cha karatasi. Wenzake waliofika New York kama yeye walimwonea huruma kwa mwaka mzima, kisha wakahamia mashambani mmoja mmoja, na huruma zao. Akabaki na chumba cha ghorofa ya tano, jiko la gesi la jicho moja, na Lyle Hobart.

Lyle alikuwa mchoraji kutoka Nebraska, mwenye miaka ishirini na sita na pumu iliyofanya jeshi limkatae. Alikuja siku moja kuuliza ndoto inachorwaje. "Haichorwi," Jolana alimjibu. "Fumba macho, uachie mkono, usiuulize unakwenda wapi." Basi kijana akauachia mkono, mkono ukaburuta bega, bega likaburuta mwili mzima. Sasa alikuwa akitandika turubai sakafuni na kulizunguka akilimwagia rangi, na jirani wa chini alishagonga dari hadi fagio likakatika.

Jumapili moja ya Machi, mwaka 1944, Lyle aliingia akihema.

"Mwalimu, yule mama wa nyumba ya sanaa anaandaa maonyesho. Wakimbizi na wanafunzi wao. Anataka kitu chako kimoja. Mpe ile karatasi."

"Haijaisha."

"Imebaki miguu tu."

"Miguu ni ya Bedrich."

"Ingekuwa inakuja, Mwalimu, ingeshafika."

Lyle alipolisema neno hilo tu akatamani kulimeza. Jolana alichukua kikombe kisafi, akakifuta.

"Huko kwenu Nebraska ndivyo mnavyozika watu, kwa mdomo?"

"Kwetu watu tunawasubiri, kama wewe," Lyle alisema taratibu. "Halafu siku moja tunaacha kuwawekea sahani."

Jolana aliitazama meza. Sahani zilikuwa mbili, na Lyle hakuwa amealikwa.

Kisha akaenda kitandani, akaleta karatasi, akaiweka mbele ya kijana.

"Chora. Macho ufumbe. Na ukikichafua kiwiliwili changu nakutupa dirishani."

"Ghorofa ya tano?"

"Nitakuonea huruma, nikutupe ngazini."

Lyle alisimama, akafumba macho, akavuta pumzi. Brashi ilikwenda mara tatu, ikapitiliza ukingo wa karatasi, ikaendelea juu ya meza.

"Miguu gani hii?" Jolana alisema. "Inakimbia!"

"Sikuiuliza inakwenda wapi."

Jolana alicheka, kwa mara ya kwanza tangu Krismasi, na kicheko kikamgeukia kilio njiani. Basi mchezo ulikuwa umeisha. Kwa sheria ya kundi, karatasi sasa ilikuwa halali kukunjuliwa. Lyle alisogea dirishani, akampa mgongo ili awe peke yake na mumewe.

Jolana hakutaka makubwa. Alitaka kichwa tu, kiwe cha samaki, cha pasi, cha birika, chochote kilichopitiwa na mkono wa Bedrich, apate kitu cha kukililia.

Mkunjo wa kwanza. Mkunjo wa pili.

Juu ya ile mistari miwili ya shingo hakukuwa na kichwa. Kulikuwa na maandishi madogo ya penseli:

"Mwizi wangu, najua hutavumilia hata nusu saa. Gatini nisingeweza kukwambia. Uso wako haujui kuwaficha polisi kitu. Navuka usiku huu na meli ya mapipa ya mvinyo. Yako itasimama Oran, upande wa Afrika, siku mbili. Shuka. Nitakuwa bandarini, na vibali vya Meksiko vya watu wawili. Usiposhuka, nitajua umechagua Amerika, nami sitakusumbua kwa barua."