Mkwaruzo wa Mama Malogo

Siku hizi kila maikrofoni hurekodi wimbo kama ulivyopaswa kuwa, na kasoro inazisafisha yenyewe. Mimi mpiga zeze sikulalamika, mpaka mke wangu alipougua mapafu. Kwetu Ugogo tulizoea hivyo: mimi napiga, yeye anaitikia kwa sauti ya puani. Sasa sauti hiyo ilikuwa imebaki mkwaruzo, nami nilitaka mkwaruzo huo ubaki nyumbani.

Niliazima maikrofoni tatu. Ya kwanza niliiweka karibu na kibuyu cha zeze. Ikatoa zeze tupu, yeye ikamfuta kama vumbi. Ya pili niliifunga kwa kanga kifuani pake. Ikasikia kikohozi, ikatoa kimya. Ya tatu, ya waimbaji, nilimsogezea midomoni kabisa. Alijitahidi mpaka jasho likamtoka.

Tukasikiliza. Aliimba mwanamke wa miaka ishirini, mwenye pumzi ndefu.

"Baba Malogo, nani huyo?"

"Ni wewe, Mama Malogo."

Akafumba macho. "Ananishinda. Mwache huyo abaki."

Nilikataa. Niliihamisha maikrofoni kila kona ya chumba, nikaivisha soksi, nikaitia hata ndani ya sufuria. Kila mara alirudi yule yule.

Siku ya arobaini tangu tumzike, binti yetu Malogo aliuweka wimbo ule. "Msikieni bibi yenu," aliwaambia wajukuu huku akilia.

Wakaitikia pamoja naye. Mimi nilijaribu kuukumbuka mkwaruzo, na kichwani mwangu akaimba yule wa miaka ishirini.