Bendi Iliyoimba Habari za Joka

Chura, Kanga na Panya walikuwa na bendi ya makelele. Nyimbo zao zote zilitoka kwenye vitabu vya majoka, na waliziimba wamefumba macho, kwa kuwa Chura, mwimbaji wao, alishikilia kwamba joka humtokea aliyefumba macho tu.

Siku moja Chatu alikuja kusikiliza, akajikunja mbele kabisa. Panya, ambaye alikuwa mwoga, akaacha ngoma.

"Tukimbieni, jamani! Hili si joka hili?"

"Acha ushamba," Chura akamfokea. "Joka lina vichwa saba na linatema moto. Huyu ana kimoja, tena hata kukohoa hakohoi. Hebu piga!"

Wakafumba macho, wakaanza. Kwenye ubeti wa pili mlio wa gitaa la Kanga ukakatika ghafla. Kwenye wa tatu ngoma nayo ikanyamaza. Chura akaendelea kupayuka peke yake, huku akiwatukana wenzake kwa uvivu, mpaka wimbo ukaisha. Alipofumbua macho, jukwaa lilikuwa tupu, na tumbo la Chatu lilikuwa limetuna mahali pawili.

"Lakini wewe una kichwa kimoja!" Chura akalia.

"Kimoja tu," Chatu akakubali, akikisogeza karibu. "Wenzako kimewatosha."